Pesa Hizi Zimetoka Wapi? Jinsi ya Kuonyesha Mauzo ya Uwekezaji wa Muda Mrefu Katika Lahajedwali

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari liko kwenye kompyuta, na vijana wetu wanalijaza vizuri kabisa. Hata hivyo mali bado inaisha bila habari, kwa sababu daftari linaweza kuwa limejaa na bado lisijibu swali ambalo mwenye mali anataka kuliuliza. Swali lenyewe ni moja: pesa hizi zilizo benki leo zimetoka wapi?

Naandika haya kwa sababu kazi yangu ya kushika hesabu za kampuni ndogo na vikundi imenizoesha barabara ya Mombasa hadi Makueni na Kitui. Wengi wa wasomaji wetu wanaifahamu. Maembe yanayojaa Kongowea msimu ukifika, mengi hutoka Wote, Kalamba na vijiji vya Makueni. Ndengu, ambazo sisi Pwani huziita pojo, huteremka kutoka Mutomo, Ikutha na Kitui kwa jumla. Tangu barabara ya Kibwezi kwenda Kitui iwekwe lami, biashara hiyo imekuwa karibu zaidi. Na biashara ikikaribiana, watu huungana. Leo kuna kampuni ambazo nusu ya wanahisa wanaishi Mikindani na Changamwe, na nusu ya pili ni wakulima wa Ukambani.

Kampuni hizi huanza na maembe na ndengu. Msimu mzuri ukija, wanachama huambiana, "Tusile zote." Hapo hununua ploti Emali au Wote, huweka kidogo kwenye hatifungani za serikali, na wengine hununua hisa katika Soko la Hisa la Nairobi. Huo ndio uwekezaji wa muda mrefu: mali ambayo kampuni imeishika kwa nia ya kukaa nayo zaidi ya mwaka mmoja, si bidhaa ya kuuza kesho.

Shida huanza mvua zinapokosa kunyesha. Ukambani ni nchi kavu, na msimu mmoja mbaya hutikisa kila kitu. Ndipo ploti huuzwa na hatifungani hutolewa sokoni, kisha pesa zikaingia kwenye akaunti ileile inayopokea za maembe. Mwisho wa mwaka mwenyekiti anasimama na kusema, "Tuna faida, na pesa benki zimeongezeka maradufu." Watu wanapiga makofi na gawio linalipwa. Lakini hakuna anayejua kwamba ng'ombe ameuzwa ili maziwa yanunuliwe.

Nilikuwa katika mkutano mmoja wa namna hiyo upande wa Mutomo. Mama mmoja mzee alisimama na kuuliza kwa upole, "Mwenyekiti, hizi pesa unazotusomea ni za ndengu, au ni za ploti?" Mwenyekiti hakuwa mwizi. Alitazama karatasi zake na hakuwa na jibu, kwa sababu karatasi zake hazikulitenga jambo hilo. Makala haya ni ya kumsaidia mwenyekiti kama huyo, mweka hazina wake, na yule mama.

Mafungu matatu ya pesa

Taarifa ya mtiririko wa fedha ni ukurasa mmoja unaosema pesa ziliingiaje na zilitokaje. Kenya hufuata kanuni za kimataifa za uhasibu tangu 1999, na kanuni inayohusu ukurasa huu ni IAS 7. Kampuni ndogo zinaruhusiwa kutumia toleo lao lililofupishwa, lakini mpango ni uleule. Pesa zote hugawanywa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni shughuli za kawaida: kununua maembe, kuuza maembe, kulipa lori, kulipa vibarua. Fungu la pili ni uwekezaji: kununua na kuuza ploti, lori, hisa au hatifungani. Fungu la tatu ni ufadhili: mtaji wa wanahisa, mikopo na kuirudisha, na gawio linalolipwa.

Ukiuza uwekezaji wa muda mrefu, pesa zake hukaa fungu la pili. Haziruhusiwi kuchanganywa na za maembe hata kama zimeingia akaunti moja siku moja. Hiyo ndiyo kinga ya mwanahisa. Fungu la kwanza likiwa na upungufu na fungu la pili likawa limenona, anajua mara moja kwamba biashara inakula mali yake yenyewe.

Mpaka mmoja hapa huwachanganya wengi. Hati za serikali za siku 91 kwa kawaida huhesabiwa kuwa sawa na pesa taslimu, kwa sababu hukomaa ndani ya takriban miezi mitatu na thamani yake haiyumbi sana. Kuziuza au kuzisubiri zikomae si mauzo ya uwekezaji wa muda mrefu. Hatifungani ya miaka mitano au kumi ni jambo jingine. Hiyo ni uwekezaji, iwe umeiuza sokoni kabla ya wakati au imekomaa na Benki Kuu ikakurudishia mtaji wako. Katika daftari tenganisha "Mauzo" na "Kukomaa", kwa sababu la kwanza ni uamuzi wa wakurugenzi na la pili lilijulikana tangu mwanzo.

Bei, faida na pesa ni vitu vitatu

Kabla ya kugusa kompyuta, tuelewane juu ya jambo hili, maana makosa mengi huanzia hapa. Ukiuza ploti kuna namba tatu tofauti. Ya kwanza ni bei mliyokubaliana. Ya pili ni faida, yaani bei ukitoa thamani ya ploti vitabuni. Ya tatu ni pesa zilizofika mkononi mwaka huo. Taarifa ya mtiririko wa fedha inataka ya tatu peke yake.

Tuchukue kampuni ya mfano. Nimeitunga ili tufundishane, si kampuni ya mtu yeyote. Mwanzo wa mwaka 2024 ilikuwa na uwekezaji wa muda mrefu ufuatao: hatifungani za shilingi 3,000,000, hisa za shilingi 800,000, na ploti iliyoandikwa vitabuni kwa shilingi 1,500,000. Jumla ni shilingi 5,300,000.

Katika mwaka huo iliuza hatifungani zilizokuwa vitabuni kwa 2,000,000 na kupata 1,880,000 baada ya ada ya dalali. Hasara ni 120,000. Usishangae hasara hiyo. Viwango vya riba vilikuwa vimepanda sana. Hatifungani ya miundombinu ya Februari 2024 ilitoa riba ya zaidi ya asilimia 18. Mnunuzi mwenye nafasi ya kupata riba hiyo hawezi kununua hatifungani yako ya zamani ya riba ndogo mpaka umpunguzie bei.

Kampuni hiyo pia iliuza ploti kwa 2,400,000. Faida ni 900,000. Lakini mnunuzi alilipa 1,600,000 na kuahidi kumaliza 800,000 mwaka unaofuata. Mwisho, ilinunua hisa zaidi za 200,000.

Basi, mauzo ya uwekezaji yaliingiza pesa ngapi mwaka 2024? Si 4,280,000, ambazo ni jumla ya bei. Si 780,000, ambazo ni faida ya ploti ukitoa hasara ya hatifungani. Ni 1,880,000 na 1,600,000, yaani shilingi 3,480,000.

Kulipanga daftari

Sasa fungua Excel au Google Sheets. Andaa ukurasa mmoja tu wa miamala yote ya benki, M-Pesa na sanduku. Usifungue ukurasa kwa kila mwezi wala kwa kila akaunti, kwa sababu utapata taabu kuzijumlisha. Mstari mmoja ni muamala mmoja. Safu ziwe hivi:

A: Tarehe
B: Maelezo
C: Aina ya mali, kwa mfano Hatifungani, Hisa, Ploti
D: Tendo, kwa mfano Mauzo, Ununuzi, Kukomaa, Gawio
E: Kiasi, pesa inayoingia iwe chanya na inayotoka iwe hasi
F: Fungu, yaani Kawaida, Uwekezaji au Ufadhili
G: Namba ya stakabadhi au ya muamala wa benki

Safu C, D na F zisiandikwe kwa mkono kila mara. Tengeneza orodha ya kuchagulia, ambayo kompyuta inaiita Data Validation. Mmoja akiandika "Mauzo" na mwingine "Kuuza", kompyuta itaona vitu viwili tofauti, na jumla yako itapungua bila kukuambia.

Ukishajaza, pesa za mauzo ya uwekezaji kwa mwaka mzima hupatikana kwa fomula moja:

=SUMIFS(E:E,F:F,"Uwekezaji",D:D,"Mauzo",A:A,">="&DATE(2024,1,1),A:A,"<="&DATE(2024,12,31))

Isome kwa Kiswahili: jumlisha kiasi cha safu E, pale ambapo fungu ni Uwekezaji, tendo ni Mauzo, na tarehe iko ndani ya mwaka 2024. Ukitaka hatifungani pekee, ongeza sharti C:C,"Hatifungani" kabla ya kufunga mabano. Kompyuta nyingine hutaka nukta-mkato badala ya koma kati ya masharti. Fomula ikikataa, jaribu hivyo kwanza.

Kwa kampuni yetu ya mfano fomula italeta 3,480,000. Zile 800,000 za mnunuzi wa ploti hazimo, kwa sababu hakuna muamala wa benki uliozileta. Ndiyo uzuri wa kuanzia kwenye pesa badala ya mikataba.

Kama hukuandika miamala

Vikundi vingi vinaniletea mfuko wa karatasi na mizania mbili, ya mwaka jana na ya mwaka huu. Hapo hatuna miamala ya kujumlisha, lakini si mwisho wa dunia. Unaweza kurudi nyuma kwa hesabu kama mfuatiliaji anavyosoma nyayo.

Chukua uwekezaji wa mwanzo wa mwaka, ongeza ulionunuliwa, toa uliobaki mwisho wa mwaka. Kinachobaki ni thamani ya vitabuni ya ulichouza. Kwa mfano wetu: 5,300,000 kuongeza 200,000, kutoa 2,000,000 zilizobaki mwisho wa mwaka. Jibu ni 3,500,000. Ongeza faida ya mauzo iliyo kwenye taarifa ya mapato, 780,000, upate bei yote ya mauzo, 4,280,000. Kisha toa ambazo wanunuzi hawajalipa, 800,000. Unafika 3,480,000.

Kwenye lahajedwali weka namba hizo seli B2 hadi B6, kwa mpangilio huu: mwanzo, ununuzi, mwisho, faida, deni la wanunuzi. Fomula ni =B2+B3-B4+B5-B6. Kama una miamala pia, linganisha majibu mawili. Yakitofautiana, kuna kitu hakijaandikwa, na ni heri ukitafute wewe kabla mkaguzi hajakitafuta.

Tahadhari moja: kama thamani ya ploti au hisa ilipandishwa vitabuni bila kuuzwa, yaani ilitathminiwa upya, ongezeko hilo lazima liongezwe pamoja na ununuzi kabla ya kutoa baki. Usipofanya hivyo, mauzo yataonekana madogo kuliko yalivyokuwa.

Kutoa namba kwenye ripoti za kampuni kubwa

Wengine hawatafuti hesabu za kampuni yao, bali za kampuni ambayo wamenunua hisa zake. Tuchukue jirani yetu wa Pwani, Bamburi Cement. Kampuni hiyo ilikuwa na asilimia 70 ya Hima Cement ya Uganda. Mwishoni mwa 2023 ilitangaza kuiuza sehemu hiyo kwa dola milioni 84, na mauzo yakakamilika Machi 2024. Wanahisa walilipwa gawio maalum kutokana na mauzo hayo. Kabla mwaka huo haujaisha, Amsons ya Tanzania ikawa imeinunua Bamburi yenyewe kwa shilingi 65 kwa kila hisa.

Mwenye hisa aliyeona gawio nono la mwaka huo alipaswa kuuliza swali lilelile la mama wa Mutomo. Je, hili ni gawio la saruji au ni la kiwanda kilichouzwa? Jibu linabadilisha kila kitu. Gawio la saruji unaweza kulitarajia tena mwakani. Gawio la kiwanda kilichouzwa halirudi, kwa sababu kiwanda hakiuzwi mara mbili. Kampuni yenyewe ililiita gawio maalum, nayo ikafanya vyema kulitenga.

Ukitafuta mauzo kama hayo kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, usitarajie kuona bei ileile iliyotangazwa magazetini. IAS 7 inasema kampuni ikiuza kampuni tanzu, kiasi kinachoandikwa ni pesa zilizopokelewa baada ya kutoa pesa taslimu zilizokuwa ndani ya kampuni iliyouzwa, kwa kuwa nazo zimeondoka nayo. Ukiuza koti lenye noti mfukoni, hesabu ya haki ni bei ya koti ukitoa noti zile. Kisha kuna ubadilishaji wa dola kuwa shilingi kwa kiwango cha siku ile.

Namba hizi unazipataje? Amri ya GOOGLEFINANCE ambayo wengi huijua haitakusaidia hapa. Ina mambo ya bei za hisa, si mistari ya taarifa ya mtiririko wa fedha. Kampuni zetu huchapisha ripoti za mwaka kwa PDF kwenye tovuti zao. Katika matoleo mapya ya Excel, nenda sehemu ya Data, chagua kuchukua data kutoka faili, kisha PDF. Programu itakuonyesha majedwali iliyoyaona. Chagua lile la mtiririko wa fedha. Ripoti ikiwa ni picha iliyopigwa skani, haitasomeka, na itakubidi unakili namba kwa mkono. Si kazi kubwa, maana jedwali lenyewe ni ukurasa mmoja.

Jedwali likishaingia, maelezo yakiwa safu A na namba za mwaka safu B, andika neno unalolitafuta kwenye seli H1. Ripoti zetu huandikwa kwa Kiingereza, na maneno yanayotumika zaidi ni "proceeds", "disposal" na "sale". Kisha weka:

=SUMIF(A:A,"*"&H1&"*",B:B)

Zile nyota zinaiambia kompyuta ikubali neno hilo popote lilipo katika mstari. Lakini hapa kuna mtego ambao nimeona umewanasa hata waliosoma. Neno "disposal" hutokea mara mbili katika jedwali hilo. Mara ya kwanza liko fungu la shughuli za kawaida, ambapo faida ya mauzo inatolewa ili isihesabiwe kuwa pesa ya biashara. Mara ya pili liko fungu la uwekezaji, na hapo ndipo pesa zenyewe zilipo. Fomula ikishika mistari yote miwili, jibu lako ni bure. Ifungie ndani ya fungu la pili tu: kama fungu hilo liko mstari wa 20 hadi wa 32, andika A20:A32 na B20:B32.

Angalia mambo mengine matatu. Namba zilizo ndani ya mabano ni pesa iliyotoka, na wakati mwingine zikitoka kwenye PDF huingia kama maandishi tu. Zijaribu kwa ISNUMBER. Ikijibu FALSE, kompyuta haijaiona kuwa namba. Pili, soma juu ya jedwali kama namba ziko kwa maelfu au kwa mamilioni. Tatu, tazama kama namba za mwaka uliopita zimerekebishwa. Kampuni ikiuza tawi, namba za mwaka uliotangulia kwenye taarifa ya mapato hupangwa upya ili tawi hilo litengwe, kwa hiyo usichanganye ripoti ya zamani na mpya bila kusoma maelezo ya chini.

Mitego ya nyumbani

Kwa kampuni zetu ndogo mitego ni mingine. Mnunuzi wa ploti akilipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, kila awamu iandikwe siku ilipofika, si siku ya mkataba. Ikiwa mnabadilishana ploti na lori la mtu, hakuna pesa iliyopita, na muamala huo haumo kabisa kwenye taarifa hii, ueleze pembeni.

Kodi nayo isisahauliwe. Tangu Januari 2023 kodi ya faida itokanayo na mauzo ya mali kama ardhi ni asilimia 15, baada ya kupandishwa kutoka asilimia 5. Kwa ploti yetu yenye faida ya 900,000 hiyo ni shilingi 135,000, tukiacha gharama za mauzo. Hisa zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi zimesamehewa kodi hiyo. Kwa kuwa kodi hii inahusiana moja kwa moja na uwekezaji uliouzwa, pesa zake zikilipwa huandikwa fungu la pili.

Riba ya hatifungani, kwa upande wake, si mauzo. Iandike tendo lake lenyewe. Kanuni ya sasa inaruhusu iwekwe fungu la kwanza au la pili mradi usibadilishebadilishe kila mwaka.

Picha nzima inasema nini

Tumalize kampuni yetu ya mfano, maana namba moja peke yake haisemi kitu. Taarifa ya mapato ya 2024 ilionyesha faida ya shilingi 310,000 kabla ya kodi. Toa 780,000 za mauzo ya mali, na biashara ya maembe na ndengu ilipata hasara ya 470,000. Ongeza uchakavu wa lori wa 150,000, kwa kuwa si pesa iliyotoka. Toa 830,000 ambazo wachuuzi wa sokoni wamechukua kwa mkopo zaidi ya mwaka uliopita. Shughuli za kawaida zimekula shilingi 1,150,000.

Fungu la uwekezaji limeleta 3,480,000 na kutumia 200,000 kununua hisa, hivyo limebaki na 3,280,000. Fungu la ufadhili limetoa 1,600,000: mkopo 700,000 na gawio 900,000. Jumla ya mafungu matatu ni ongezeko la 530,000. Mwanzo wa mwaka benki palikuwa na 420,000. Mwisho wa mwaka pana 950,000.

Mwenyekiti wa kampuni hii akisema "tuna faida na pesa zimezidi maradufu", hajadanganya hata neno moja. Lakini gawio lote la 900,000 limetoka kwenye ploti na hatifungani. Biashara haikulichangia hata shilingi.

Sasa tazama mwaka unaofuata. Biashara ikienda vilevile, na mkopo na gawio vikabaki vilevile, patahitajika 2,750,000. Zilizopo ni 950,000 za benki na 800,000 za mnunuzi wa ploti, ukitoa kodi ya 135,000. Hiyo ni 1,615,000. Pengo ni 1,135,000, na uwekezaji uliobaki ni 2,000,000 tu. Zaidi ya nusu yake lazima iuzwe ili mambo yaonekane yako sawa mwaka mmoja zaidi. Mwaka wa tatu uwekezaji utakaosalia hautatosha, na itabidi liuzwe hata lori.

Sisemi kuuza uwekezaji ni kosa. Akiba huwekwa kwa ajili ya siku ya njaa, na Ukambani watu wanalijua hilo kuliko sisi tunaokaa karibu na bahari. Kuuza ploti ili kununua tangi la maji, au kulipa mkopo wenye riba kali, huenda ndio uamuzi bora wa mwaka. Ubaya ni kuuza bila wenye mali kujua, kisha kuwagawia mtaji wao na kuuita faida.

Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inampa mwanahisa haki ya kupata taarifa za fedha za mwaka. Kwa hiyo mkutano mkuu ujao, uwe Wote, Kitui au Changamwe, omba taarifa ya mtiririko wa fedha kwa jina lake. Uliza mambo matatu. Shughuli za kawaida zimeleta pesa au zimekula? Ni mali gani ya muda mrefu iliyouzwa, kwa bei gani, na ni kiasi gani kimeshalipwa? Na gawio hili linatoka fungu gani?

Mweka hazina aliyejaza safu zake saba atajibu yote matatu kabla chai haijapoa. Asiyeweza kujibu, mpeni mwezi mmoja na nakala ya fomula zilizo hapo juu, na gawio lisubiri hadi atakaporudi na majibu.